Upasuaji wa valvu za moyo kwa wanawake na wanaume: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Siku ya kliniki, benchi la waliobadilishiwa valvu hujaa wanawake. Wengi hawajafika miaka 40, na baadhi yao wamepakata watoto. Ukifungua kitabu cha Ulaya au Marekani kuhusu upasuaji huo huo, mgonjwa unayekutana naye ni mzee wa miaka 75, na mara nyingi ni mwanamume. Maswali mengi ya hapa chini yanatokana na pengo hilo. Majibu yatakusaidia kwenda kwa daktari ukiwa na la kumwuliza, lakini usibadilishe dawa yoyote kwa sababu ya ukurasa huu.

Valvu ni kitu gani?

Moyo una vyumba vinne na milango minne. Mlango ukifunguka damu inapita, ukijifunga damu hairudi ilikotoka. Milango hiyo ndiyo valvu. Inayosumbua watu zaidi ni miwili ya upande wa kushoto: mitrali, iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini, na ile ya aota (mshipa mkuu unaotoka moyoni), inayotoa damu kwenda mwili mzima. Mlango huharibika kwa namna mbili: unakakamaa usifunguke vizuri, au unashindwa kujifunga na kuvuja. Wapo wenye vyote viwili kwenye mlango mmoja.

Ni kweli wanawake hufariki zaidi baada ya upasuaji huu?

Katika siku 30 za mwanzo, kwa upasuaji wa kufungua kifua, ndiyo. Tofauti hii imeonekana miaka mingi katika rejesta kubwa za Ulaya na Marekani, kiasi kwamba EuroSCORE II, hesabu ya hatari ambayo madaktari wa upasuaji wa moyo wanaitumia tangu 2012, humwongezea mgonjwa alama za hatari kwa kuwa ni mwanamke, kama inavyomwongezea mwenye figo mbovu au mwenye umri mkubwa.

Lakini tofauti hiyo isikutishe kuliko inavyostahili. Katika vituo vinavyofanya upasuaji mwingi, wanaofariki baada ya kubadilishiwa valvu ya aota peke yake ni karibu 2 kati ya 100, wanawake kwa wanaume. Tena pengo hupungua sana mgonjwa akishavuka miezi ya mwanzo. Ukimchukua mwanamke na mwanamume wenye umri mmoja na ugonjwa uliofikia hatua moja, uhai wao wa miaka inayofuata unakaribiana.

Basi moyo wa mwanamke ni dhaifu?

Hapana. Swali hili huulizwa zaidi na waume na mama wakwe, na jibu langu huwa hilo hilo. Sehemu kubwa ya tofauti inatokana na mambo ambayo mwanamke hakuzaliwa nayo: anafika amechelewa, anafika na damu pungufu, na vipimo vinavyoamua zamu yake ya kupasuliwa viliwekwa kwa kupima miili mikubwa kuliko wake.

Yapo ya maumbile pia. Mwanamke kwa kawaida ni mdogo wa mwili, na pete ambayo valvu mpya hushonewa ni ndogo. Valvu ndogo ikiwekwa kwenye mwili unaohitaji damu nyingi, moyo unaendelea kusukuma kwa taabu ingawa mlango ni mpya. Mgonjwa anarudi nyumbani akidhani amepona, kisha anashangaa kupanda ngazi bado kunamkata pumzi. Daktari wa upasuaji anaweza kupanua shina la aota ili valvu kubwa zaidi iingie, ila kazi hiyo huongeza muda mezani na si kila mpasuaji anaifanya. Kabla ya kusaini fomu, uliza hivi: "Mkikuta tundu ni dogo, mtafanyaje?"

Upungufu wa damu unahusikaje?

Unahusika kuliko watu wanavyofikiri. Wakati moyo umesimamishwa, mashine ya moyo na mapafu ndiyo inayosukuma damu, na mirija yake lazima ijazwe maji maalumu kwanza, mara nyingi kiasi cha lita moja au zaidi. Maji hayo huchanganyika na damu ya mgonjwa. Mwanamume wa kilo 80 ana damu ya kama lita tano na nusu, mwanamke wa kilo 50 ana lita tatu na kidogo. Lita moja ile ile humzimulia mwanamke damu zaidi, kama vile kuongeza kikombe kimoja cha maji kwenye sufuria mbili za uji zisizolingana.

Sasa mchukue mwanamke huyo akiwa ameingia na hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ya 9 kwa sababu ya hedhi nzito na uzazi wa karibu karibu. Atahitaji kuongezewa damu, na wanaoongezewa damu nyingi hupata zaidi matatizo ya figo na maambukizi. Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya 12 kwa mwanamke asiye na mimba na chini ya 13 kwa mwanamume. Kama upasuaji si wa dharura, wiki chache za madini ya chuma, ya vidonge au ya mshipa, zinaweza kubadilisha hesabu yote. Ndugu wakichangia damu ni jambo jema, lakini kuipandisha damu ya mgonjwa mwenyewe mapema ni bora zaidi.

Kwa nini wanawake huchelewa kufika?

Mwanamume akishindwa kwenda kazini, nyumba nzima inajua kuna tatizo. Mwanamke huanza kwa kupunguza: anaacha kwenda kisimani mara mbili, anamtuma mtoto dukani, anapumzika katikati ya kufua. Ukimwuliza kama anaishiwa pumzi anasema hapana, na anasema kweli, kwa sababu ameshaacha yote yaliyokuwa yakimwishia pumzi. Ndiyo maana siulizi "unachoka?" bali "mwaka jana siku kama hii ulikuwa unafanya nini ambacho leo hufanyi?"

Kisha kuna majina ya makosa. Mitrali iliyobana hujaza maji mapafu, mgonjwa anakohoa usiku, wakati mwingine anatema makohozi yenye damu. Wapo waliotibiwa pumu miaka mitatu, wapo walioanzishiwa dawa za kifua kikuu, wapo walioambiwa ni mawazo. Wengine wanabainika wakiwa wajawazito, kwa sababu ujauzito huongeza wingi wa damu kwa asilimia 40 hadi 50, na mlango uliokuwa unastahimili unashindwa kabisa, hasa kuanzia mwezi wa saba hivi. Na hata ugonjwa ukishajulikana, bado kuna kikao cha nani atabaki na watoto, nauli itatoka wapi, na mume anasemaje.

Vipimo vya eko (picha za moyo kwa mawimbi ya sauti) si sawa kwa kila mtu?

Mashine haibagui, ila mstari wa kusema "sasa apasuliwe" unaweza kumpunja mtu mdogo wa mwili.

Chukua mitrali inayovuja. Miongozo ya Ulaya na ya Marekani inashauri upasuaji hata kwa asiye na dalili pale chumba cha chini cha kushoto, kikiwa kimejikunja, kina upana wa milimita 40 au zaidi. Milimita 40 ni ile ile kwa dereva wa lori wa kilo 95 na kwa mwalimu wa chekechea wa kilo 48. Kwa dereva, moyo umeanza kutanuka. Kwa mwalimu, umetanuka mno kulinganisha na umbo lake, na huenda misuli imeshachoka. Kwa valvu ya aota inayovuja, miongozo ya Ulaya ya 2021 iliweka kipimo cha ziada kwa watu wenye umbo dogo: milimita 25 kwa kila mita moja ya mraba ya eneo la mwili. Muulize daktari kama majibu yako yamelinganishwa na ukubwa wa mwili wako. Urefu na uzito wako viwe vimeandikwa kwenye fomu ya eko. Mara nyingi sehemu hiyo naikuta tupu.

Kwa valvu ya aota iliyobana, kuna jambo la pili. Kwa wanaume mlango hukakamaa zaidi kwa chokaa. Kwa wanawake nyuzinyuzi za kovu huchangia sehemu kubwa zaidi. Kwa hiyo mwanamke anaweza kuwa na ugonjwa mkali huku chokaa ikiwa kidogo. Ndiyo maana kwenye picha za CT kiwango cha chokaa kinachoashiria ugonjwa mkali ni uniti 1200 kwa mwanamke na 2000 kwa mwanamume. Hapa angalau wataalamu wameshatenganisha mistari.

Kwetu kwa nini wanawake ndio wengi?

Kwa sababu ugonjwa wetu ni mwingine. Ulaya valvu huzeeka. Afrika Mashariki chanzo kikubwa bado ni homa ya baridi yabisi: mtoto anaugua koo kwa bakteria aina ya streptokoka, hatibiwi vizuri, kinga ya mwili inachanganyikiwa na kushambulia valvu zake mwenyewe. Miaka kumi au ishirini baadaye anaanza kuishiwa pumzi.

Utafiti wa REMEDY, uliochapishwa 2015, ulifuatilia wagonjwa 3,343 wa aina hii katika nchi 14, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda. Nusu yao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini ya hapo, na karibu theluthi mbili walikuwa wanawake. Sababu zinazotajwa ni kwamba magonjwa ya kinga kujishambulia huwapata wanawake zaidi, na kwamba anayelea watoto hukaa karibu na makoo yanayoumwa. Baada ya miaka miwili, karibu 17 kati ya kila 100 walikuwa wamefariki. Hawa ni vijana, si wazee wa Ulaya.

Ukilisoma hilo, utaona kwa nini sipendi mtu achukue takwimu za Marekani na kumsomea binti wa Singida kama zilivyo.

Lazima kupasuliwa kifua? Nimesikia habari za puto.

Mitrali iliyobana bila kuvuja sana, ikiwa mabawa yake, yaani vipande vinavyofunguka na kujifunga, bado ni laini, inaweza kutanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja. Njia hii ilibuniwa na Kanji Inoue wa Japani miaka ya 1980. Haimwachii mgonjwa valvu ya bandia, haimfungi kwenye wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) kwa sababu ya valvu, na inaweza kufanywa hata kwa mjamzito aliyezidiwa. Kwa kuwa wenye mitrali iliyobana wengi ni wanawake, hii ni tiba inayowahusu zaidi wao. Tatizo ni muda: ukichelewa, mabawa yanakuwa magumu kama gome na puto halifai tena.

Kurekebisha valvu badala ya kuibadilisha pia ni bora inapowezekana. Katika rejesta za nje wanawake hurekebishiwa mitrali mara chache kuliko wanaume, kwa sehemu kwa sababu valvu zao hufika zikiwa zimeharibika zaidi, na zilizoharibiwa na baridi yabisi ni ngumu kurekebisha.

Binti yangu ana miaka 24, hajazaa. Awekewe valvu ya chuma au ya mnyama?

Mama, hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu, na kwa mwanamume wa miaka 24 huwa jepesi zaidi.

Valvu ya chuma, kama watu wanavyoiita ingawa mabawa yake ni ya kaboni, inaweza kudumu maisha yote. Gharama yake ni wafarini kila siku mpaka mwisho, na kupima INR, kipimo cha damu kinachoonyesha nguvu ya wafarini, bila kuchoka. Kwa kawaida mitrali ya chuma hutaka INR kati ya 2.5 na 3.5, ya aota kati ya 2 na 3. Ikiwa chini, damu inaganda kwenye valvu au inarusha bonge kwenye ubongo. Ikiwa juu, unavuja damu.

Valvu ya mnyama haihitaji wafarini ya kudumu kwa wengi, lakini huchakaa, na kwa kijana huchakaa haraka zaidi kuliko kwa mzee. Akiwekewa akiwa na miaka 24, ajiandae kufunguliwa tena kifua, pengine kabla ya kufika 40, na upasuaji wa pili una hatari kubwa kuliko wa kwanza.

Uzito wa mizani ni ujauzito. Wafarini hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na hatari ya kumharibu maumbile ni kubwa zaidi kati ya wiki ya 6 na ya 12. Rejesta ya kimataifa ya ROPAC, katika matokeo yaliyotoka 2015, ililinganisha wajawazito 212 wenye valvu za chuma na 134 wenye valvu za wanyama. Waliomaliza na mtoto hai bila tatizo kubwa la mama walikuwa asilimia 58 upande wa chuma na asilimia 79 upande wa mnyama. Kati ya wenye chuma, karibu 5 katika 100 valvu iliziba kwa damu iliyoganda.

Kwa hiyo mkae na daktari mkiwa na majibu ya mambo haya: Binti anataka watoto, wangapi, na lini? Anaishi umbali gani na mahali pa kupima INR? Ikifika siku ya upasuaji wa pili, nani atalipa? Msichana wa Dar es Salaam anayeweza kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kwa daladala hana jibu moja na msichana wa kijijini anayesafiri siku nzima kufika maabara. Na mwulizeni yeye mwenyewe, faragha, si mbele ya mchumba wala shangazi. Nimeona mabinti wakinyamaza mbele ya ukoo, kisha wakaacha wafarini kimyakimya walipotaka mtoto. Hilo ndilo la hatari kuliko valvu yoyote.

Nina valvu ya chuma na nimegundua ni mjamzito. Niache wafarini leo?

Usiache mwenyewe. Nenda kliniki ya moyo leo au kesho, usisubiri tarehe yako. Kuacha dawa bila mbadala kunaweza kuziba valvu, na mama akifariki mtoto hana pa kukaa.

Daktari ana njia mbili kuu. Kama dozi yako ya wafarini ni miligramu 5 kwa siku au chini, hatari kwa mtoto ni ndogo zaidi na anaweza kushauri uendelee kwa uangalizi. Kama ni zaidi, anaweza kukuhamishia kwenye sindano za heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mara mbili kwa siku kwa wiki zile za hatari, huku nguvu yake ikipimwa kwenye damu. Karibu na wiki ya 36 wafarini husimamishwa ili mtoto asizaliwe na damu nyepesi, maana hata msukumo wa kawaida wa uchungu unaweza kumvujisha damu kichwani. Uchungu ukikuanza ghafla ungali kwenye wafarini, sema neno hilo kwanza kabla hujataja jina lako. Kunyonyesha ukiwa kwenye wafarini au heparini kunaruhusiwa.

Uzazi wa mpango upi unafaa?

Katika REMEDY, wanawake wa umri wa kuzaa waliokuwa wanatumia njia yoyote hawakufika hata 4 kati ya 100. Kliniki ya moyo hudhani kliniki ya uzazi imeshasema, na ile ya uzazi huogopa kumgusa mgonjwa wa moyo.

Vidonge vya mchanganyiko vyenye estrojeni havifai kwa mwenye valvu ya chuma kwa sababu huongeza kuganda kwa damu. Kijiti na kitanzi chenye homoni ni chaguo nzuri kwa wengi. Kitanzi cha shaba kinaweza kuzidisha hedhi ambayo wafarini tayari imeizidisha.

Tangu niwekewe valvu, hedhi yangu ni kama bomba limepasuka.

Si wewe peke yako, na usione haya kulisema mbele ya daktari mwanamume. Pima INR kwanza, kisha hemoglobini. Kama INR iko mahali pake, kitanzi chenye homoni au vidonge vya projestini pekee husaidia. Maumivu yatulize kwa parasetamoli kwa kiasi. Diklofenaki na ibuprofeni ziache kabisa. Maumivu makali ya ghafla ya tumbo katikati ya mwezi, na kizunguzungu, ni ya kukimbilia hospitali: yai linapotoka, mwenye wafarini anaweza kuvujia damu ndani. Hakuna mwanamume atakayeonywa hilo, kwa hiyo mara nyingi halimo kwenye kipeperushi.

Mimi ni Mwislamu. Valvu ya nguruwe nifanyeje?

Uliza valvu imetengenezwa na nini. Ni haki yako. Nyingi hutengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe. Wapo masheikh wengi wanaoruhusu hata ya nguruwe pale ambapo ni dharura ya uhai na hakuna nyingine. Zungumza na sheikh wako kabla ya siku ya upasuaji, si ukiwa kwenye kitanda cha magurudumu.

Wanaume hawana matatizo yao?

Wanayo. Valvu ya aota ya kuzaliwa yenye mabawa mawili badala ya matatu huwapata wanaume karibu mara tatu zaidi, na mara nyingi huja na aota iliyotanuka ambayo nayo huhitaji kushughulikiwa. Maambukizi ya bakteria kwenye valvu huwapata wanaume kama mara mbili zaidi. Wanaume wazee hufika wakiwa pia na mishipa ya moyo iliyoziba, hivyo upasuaji wao huwa wa mambo mawili kwa pamoja.

Wanaume wetu kwenye kliniki wana ugonjwa mmoja zaidi usiopimika: wakijisikia vizuri hawarudi. Pombe nayo hupandisha na kushusha INR kama bembea.

Bibi yangu wa miaka 78 amependekezewa TAVI. Inamfaa?

TAVI ni kuweka valvu mpya ya aota kupitia mshipa wa paja bila kufungua kifua. Ya kwanza kwa binadamu iliwekwa na Alain Cribier huko Rouen, Ufaransa, Aprili 2002. Hapa mambo yanageuka: wanawake wazee, waliokuwa wakifanya vibaya zaidi kwenye upasuaji wa kifua, kwenye TAVI huenda sawa na wanaume au hata kuwazidi kidogo katika uhai wa mwaka wa kwanza.

Kwa muda mrefu hilo lilikuwa la kukisia, kwa sababu majaribio makubwa yalijaa wanaume. Katika PARTNER 3 la 2019 wanawake walikuwa karibu 3 kati ya 10. Ndipo likaja jaribio la RHEIA, la wanawake watupu 443 katika nchi 12 za Ulaya, lililotangazwa 2024. Baada ya mwaka mmoja, waliofariki, kupata kiharusi au kurudishwa hospitali walikuwa asilimia 8.9 kwa TAVI na asilimia 15.6 kwa upasuaji. Soma kwa makini: tofauti kubwa ilikuwa kwenye kurudishwa hospitali, si kwenye vifo.

Wanawake wana mishipa myembamba ya paja, hivyo kupasuka kwa mshipa na kuvuja damu huwapata zaidi. Wanaume nao huhitaji betri ya moyo mara nyingi zaidi. Na TAVI ya kawaida si jibu la binti mwenye mitrali iliyoharibiwa na baridi yabisi. Usimpigie daktari kelele kwa kuwa bibi wa jirani amerudi kutoka India baada ya siku nne.

Kuna vidonge vipya visivyohitaji kupima INR. Kwa nini siandikiwi?

Kwa sababu vimejaribiwa na vikashindwa. Dabigatrani, kimojawapo cha vidonge hivyo, kwa wenye valvu za chuma ilisitishwa baada ya kuleta kuganda na kuvuja damu zaidi. INVICTUS, jaribio la 2022 lililohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye mapigo yasiyo na mpangilio kwa sababu ya baridi yabisi, wengi wao wanawake, liliona vifo vichache zaidi kwa waliokuwa kwenye dawa za aina ya wafarini kuliko kwa waliokuwa kwenye rivaroksabani, kidonge kingine kipya. Wafarini ni kero, lakini kwa valvu ya chuma bado haijapata mrithi.

Mchicha niache?

Usiache. Kula kiasi kile kile kila wiki. Kisamvu, sukuma wiki na mchicha vina vitamini K inayopunguza nguvu ya wafarini, na dozi yako hupangwa kulingana na mlo wako. Kinachoharibu ni kula mboga Ramadhani nzima kisha nyama tupu mwezi unaofuata. Cha kuogopa zaidi ni dawa za dukani: Septrin, Flagyl na flukonazoli hupandisha INR, rifampisini huishusha sana. Wanawake huandikiwa Flagyl na flukonazoli mara kwa mara kwa matatizo ya ukeni, kwa hiyo taja wafarini kila unapoingia famasi.

Tendo la ndoa?

Kwa wengi, wiki sita hadi nane baada ya upasuaji wa kifua, ukiweza kupanda ghorofa mbili bila kuhema. Kifua kisibebe uzito wa mtu.

Nitarudi lini kwenye kazi zangu?

Mfupa wa kifua hushikana kwa wiki sita hadi kumi na mbili. Vipeperushi vilivyotafsiriwa husema usiendeshe gari wala usicheze gofu. Tuseme ya kwetu: usitwange, usichote maji kisimani, usibebe ndoo kichwani, usilime kwa jembe, usimfunge mtoto mgongoni na usimnyanyue kutoka sakafuni. Akikulilia, kaa chini, mtu amweke mapajani pako. Mwanamume asisukume mkokoteni wala asiendeshe bodaboda.

Wenye matiti makubwa, uzito wake huvuta kidonda pande zote mbili na kukichelewesha kupona; vaa sidiria laini inayofungukia mbele, mchana na usiku, kuanzia siku wauguzi watakapokuruhusu. Kabla hujaruhusiwa kutoka wodini, mwambie daktari mbele ya mumeo au mama mkwe ataje kwa sauti kazi hizo zote na idadi ya wiki. Likitoka mdomoni mwako linaitwa uvivu, likitoka kwa daktari linakuwa agizo.